Kura ya Lucious Tarver

Jumatatu, 30 Agosti 1965

Umande haujakauka, na pamba yenye maji haichumwi, kwa hiyo nimekaa barazani na daftari ambalo Rufus alikuwa akiandikia tarehe za nguruwe kuzaa. Mume wangu ana miaka mitatu kaburini na kurasa zilizobaki ni nyingi. Nitazijaza mimi. Sina wa kumwambia mambo yangu. Mwanangu Thurman yuko Detroit anaunda magari, na barua zake zote zinasema kitu kimoja: Mama, uza, uje. Kuku wananisikiliza lakini hawana maoni.

Jana baada ya ibada tulibaki kanisani Mlima Nebo, tukafunga milango, joto likatupika. Jambo lenyewe ni hili. Serikali ndiyo inayosema kila shamba lipande ekari ngapi za pamba, na wanaozigawa hapa kaunti ya Harlow ni kamati ya wakulima, inayochaguliwa kila Novemba kwa kura za posta. Tangu ianze haijawahi kukaliwa na mtu mweusi. Rufus alipokuwa hai tulikuwa na ekari kumi na moja. Alipokufa wakanipunguzia hadi nane, mwaka jana sita. Za Bwana Hartsell, ng'ambo ya kijito, ziliongezeka, na mjumbe wa eneo letu ni Bwana Hartsell huyo huyo. Wakinikata tena mwakani shamba halitanilisha. Nitauza, na namjua atakayenunua.

Vijana wa haki za kura waliokuja kiangazi ndio waliotufumbua macho: kura hii haina mtihani, haina karani wa kukufukuza mlangoni. Ukilima, hata ukiwa mpangaji, karatasi inakuja kwako kwa posta. Vijana wenyewe wamesharudi vyuoni kwao. Tukahesabu. Sisi weusi tunaolima eneo hili tunapita sabini, wazungu ni sitini na kidogo. Tukimwandika mtu mmoja, kiti ni chetu.

Wakaniteua mimi. Aliyenitaja ni shemeji yangu Lucious, kaka mkubwa wa Rufus, shemasi anayejiona ndiye kanisa lenyewe. "Ozella hesabu anazijua na mdomo anao," alisema. "Tumpeleke akawasumbue wazungu, sisi ametusumbua vya kutosha." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilirudi nyumbani kwa miguu na nilikuwa na furaha mpaka nikafungua mlango na kukuta hakuna wa kumpa habari.

Ijumaa, 3 Septemba

Mvua. Sikuchuma.

Alhamisi, 9 Septemba

Lucious na mkewe Icie walikuja na magunia yao kunisaidia, kama kila mwaka tangu Rufus afe. Lucious anachuma polepole na anasema haraka. Kutwa nzima alikuwa mstari wa pili akinikosoa: naacha vitumba nyuma, nainama vibaya, kofia yangu ni ya kiume.

"Hii kofia ya mdogo wako," nikamwambia.

"Basi ndiyo maana. Naye hakujua kuvaa kofia."

Nilikasirika, halafu nikaona kwamba tangu asubuhi sijajisikia mpweke hata dakika moja. Sikumwambia. Kichwa chake ni kikubwa tayari.

Jumanne, 14 Septemba

Jina langu limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kamati. Nilipeleka pamba kiwandani kuchambuliwa nikakaa kwenye foleni toka saa moja asubuhi. Kila gari lililokuja nyuma yangu liliitwa mbele yangu. Saa tisa wakasema mashine imepata moto, nirudi kesho. Mashine iliunguruma nyuma yangu mpaka nilipofika njia panda.

Jumatatu, 20 Septemba

Viney Mae Stallworth na mimi tulibatizwa siku moja, maji yale yale, yeye akipiga kelele na mimi nikicheka. Anaishi kwenye ardhi ya Bwana Hartsell. Leo nilimpelekea kunde. Alitoka akanikuta kwenye uzio, hakunikaribisha ndani.

"Zella, usije tena kwa njia ya mbele."

"Nipitie wapi, dirishani?"

"Usinifanyie hivyo. Jana Bwana Hartsell kaniuliza kama bado tunaonana. Nina wajukuu wanne humu ndani."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kanisani tu." Alichukua kunde. "Kura nitakupa. Hiyo hataiona."

Nilimwita mwoga njia nzima, kwa sauti, na miti ikasikia.

Jumapili, 26 Septemba

Benchi langu kanisani lina nafasi ya watu sita. Tulikaa wawili, mimi na pochi yangu.

Jumamosi, 2 Oktoba

Nimechuma. Lucious na Icie walikuja.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimechuma. Walikuja tena. Hakuna mwingine anayekuja. Mwaka jana tulikuwa kumi na wawili shambani kwangu na chakula cha mchana kilikuwa sherehe. Leo Lucious alitazama shamba lote, akatutazama sisi watatu, akasema, "Vizuri. Tutakaogombania mapaja ya kuku ni wachache."

Nimeanza kumpenda huyu mzee. Rufus angezimia.

Jumamosi, 30 Oktoba

Karatasi za kura zimefika.

Tarishi wa posta aliniachia bahasha saa nne. Nilinawa mikono kabla ya kuifungua. Nilitarajia majina mawili, Hartsell na langu. Nikakuta ishirini na manne. Mzungu mmoja, na sisi ishirini na watatu.

Nilisoma mara tatu. Kamati ina ruhusa ya kuongeza majina, na imeongeza. Wametuchagua mmoja mmoja: wenye ukoo mkubwa, wenye heshima zao, wenye kuimba vizuri. Kutoka barazani nikasikia watu wanaitana barabarani, "Nimo! Na wewe umo!" Mzee Booker Lyles, ambaye hajui kusoma, alisimamisha nyumbu wake mbele ya kwangu akaniomba nimwonyeshe lake liko wapi. Nilikiweka kidole chake juu ya jina lake. Alikaa hapo nafikiri robo saa.

Nilitaka kumwambia kwamba hii siyo zawadi. Kila mmoja akijipigia, au ndugu zake wakimpigia, kura zetu zitakwisha kama unga kwenye upepo na Hartsell ataketi na zake sitini. Nilishindwa kumwambia. Alikuwa anatabasamu.

Jina la mwisho lilikuwa Lucious Tarver.

Jumapili, 31 Oktoba

Tulifunga tena milango. Mchungaji Gaddis alieleza mtego ule taratibu, kwa wenye kusoma na wasiosoma, kisha akasema, "Kila aliye kwenye karatasi hii isipokuwa Dada Ozella, asimame aseme mbele ya Mungu kwamba hataki mtu amwandike."

Mzee Booker alikuwa wa kwanza. Alisimama kwa shida, akasema, "Nimeliona. Imetosha. Mpeni Ozella." Nililia. Wakasimama mmoja mmoja, wengine wakicheka, wengine kama wanaong'olewa jino. Nilihesabu mpaka ishirini na mmoja.

Lucious alibaki kwenye benchi la mashemasi, kofia magotini.

"Shemasi Tarver," Mchungaji akasema.

"Nimekusikia."

"Tunakusubiri."

"Subirini."

Akachukua kofia akatoka. Nilimfuata nje. Nilikuwa na hasira. Nikamwambia yeye ndiye aliyenitaja, yeye mwenyewe, sasa ananiuza kwa wino wa wazungu.

"Nani kakuuza?" akasema. "Umenisikia nikiomba kura?"

"Basi simama useme!"

"Ozella. Unajua jina hili nimelitoa wapi?"

Nilijua nusu. Rufus aliwahi kuniambia kwamba babu yao aliitwa Lucious, kwamba aliitelekeza familia akakimbilia Mississippi. Lucious akanisimulia iliyobaki, pale pale kwenye vumbi, watu wakitupita. Babu yao alizaliwa mtumwa. Uhuru ulipokuja wanaume wetu walipiga kura miaka saba katika kaunti hii, wakitembea pamoja mpaka mjini huku wakiimba, na mwaka 1874 babu akagombea ujumbe wa barabara na madaraja. Jina lake lilichapwa kwenye karatasi ya kura. Wiki moja kabla ya siku yenyewe walimtoa nyumbani, wakamchapa, wakamwacha wakidhani amekufa. Hakuwa amekufa. Alitambaa hadi mtoni na hakurudi tena, maana kurudi kungewaua watoto. Wazungu wakasema ametoroka na mwanamke. Mwishowe hata watoto wake wakasema hivyo.

"Kitabu gani cha shule kina habari hiyo?" akaniuliza. "Wewe ulisoma mpaka darasa la kumi. Uliiona?"

Nikasema hapana.

"Mimi nina miaka sitini na sita. Mara ya pili tangu dunia iumbwe Lucious Tarver yupo kwenye kura ya kaunti ya Harlow, na nyinyi mnataka nisimame nimfute ndani ya dakika mbili. Mbele ya watu."

Ningeweza kusema jambo la upole. Nilisema, "Babu yako angekuonea aibu."

Alivaa kofia yake akaondoka.

Jumanne, 2 Novemba

Nimechuma peke yangu.

Jumatano, 3 Novemba

Peke yangu. Mgongo.

Ijumaa, 5 Novemba

Mvua, halafu jua, halafu mvua. Nilipika mboga za majani na nyama ya chumvi, chungu kizima, kwa mazoea. Nitakula chungu hicho siku tatu.

Jumapili, 7 Novemba

Lucious alikuwa kwenye benchi lake, hakuna aliyemsalimia. Sikumsalimia pia. Thurman ameandika: Mama, uza.

Jumanne, 9 Novemba

Icie alikuja na pai ya viazi vitamu. Hakukaa. Alisimama na mkoba wake kama mgeni.

"Usimchukie, Zella."

"Simchukii. Namshangaa."

"Ameibandika ile karatasi ukutani, juu ya meza. Kila asubuhi anavaa miwani anaisoma, kisha anavua miwani. Jana kaniuliza, Icie, unafikiri kuna mtu hata mmoja ataniandika? Nikamwambia mimi shamba haliko kwa jina langu, karatasi sina. Ningekuwa nayo ningempa, Mungu anisamehe, na wewe unisamehe."

Akaenda. Pai ilikuwa nzuri na nilikasirika kwamba ni nzuri.

Ijumaa, 12 Novemba

Naandika hili mchana kweupe, na nimefunga mlango kama mwizi.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka bahasha posta. Niliketi mezani na penseli. Nilikuwa nimeamua toka Agosti: Ozella Tarver. Nilijikuta nafikiria ile hesabu ya mwisho, wakisoma majina kwa sauti ofisini, wazungu wameegemea ukuta. Lucious Tarver, moja. Nilikisikia kicheko chao. Wote watajua hiyo moja ni ya nani, mzee aliyejipigia mwenyewe, na watakwenda nayo kiwandani na dukani kuicheka mpaka Krismasi. Zikiwa mbili hakuna wa kucheka. Mbili ina maana kwamba mtu mwingine, mwenye akili zake, aliona jina lile akaona linafaa.

Nikawaza pia jinsi nilivyomwambia kuhusu babu yake. Halafu nikamuwaza yule babu akitambaa.

Tuko zaidi ya sabini. Kura moja siyo kitu katika sabini.

Niliweka alama mbele ya Lucious Tarver. Nilifunga bahasha haraka nisije nikabadili mawazo, nikatembea mpaka posta bila kofia.

Jumatatu, 15 Novemba

Pamba imebaki ya kuokoteza tu. Moyo wangu mwepesi. Nimemwimbia hata jogoo.

Jumatano, 17 Novemba

Hesabu ilifanywa ofisini, milango wazi kwa yeyote. Tuliingia kumi na wanne tukasimama upande mmoja, wao upande wao. Lucious alibaki nje chini ya paa, kofia mkononi. Nilimwona dirishani.

Karani alikuwa akifungua bahasha moja moja na kusoma. Hartsell. Hartsell. Ozella Tarver. Viney Mae alikuja akasimama karibu nami, mbele ya Bwana Hartsell mwenyewe, akanishika kiwiko. Sijui alitoa wapi moyo huo. Nilimwita mwoga mwanamke huyu. Hartsell. Ozella. Ozella. Hartsell. Katikati huko, "Lucious Tarver," na kikohozi kimoja ukutani. Nikasubiri ya pili.

Bahasha zikaisha. Wenzetu kumi na kitu hawakurudisha zao. Walio kwenye ardhi za watu, na siwalaumu tena. Karani akajumlisha, akajumlisha tena. Hartsell hamsini na nane. Ozella Tarver hamsini na saba. Lucious Tarver moja. Waliobaki, hakuna.

Moja.

Bwana Hartsell akasema, "Angalau shemasi anajipenda," na wakacheka kile kicheko nilichokisikia mezani kwangu.

Yangu ingenifikisha hamsini na nane. Tungelingana, na kwa sheria wakilingana hutupwa sarafu. Sarafu angalau haiangalii rangi ya mtu.

Nilielewa kitu kingine nikiwa bado nimesimama pale. Ile moja ilikuwa yangu. Basi Lucious hakujiandika. Lucious aliniandika mimi.

Viney Mae alikuwa analia begani kwangu. "Mzee yule," alikuwa anasema, "mzee yule, Mungu amlaani." Na mimi nikanyamaza. Nje Lucious hakuwepo tena.

Alhamisi, 18 Novemba

Walitujua. Walijua tuna huruma kwa majina yetu. Waliongeza majina ishirini na mawili wakitarajia wajinga watateleza, na aliyeteleza ni mimi, mwenye darasa la kumi, niliyeuona mtego kabla ya wote.

Jumapili, 21 Novemba

Mchungaji Gaddis hakuhubiri leo. Alisema, "Shemasi, ndugu zako ishirini na mmoja walisimama hapa."

Lucious akasimama, kwa kuchelewa kwa wiki tatu. "Nilimwandika Ozella."

"Basi ya kwako kaiandika nani?" sauti ikatoka nyuma. "Malaika?"

Watu walicheka, lakini kicheko kibaya. Mzee Booker hakucheka. Alisema, "Mimi niliacha langu, Lucious. Lilikuwa jina zuri na niliacha." Hicho ndicho kilichomvunja. Lucious alitazama mabenchi yote moja baada ya jingine, akitafuta, na alipofika kwangu niliinamisha kichwa nikasoma kitabu cha nyimbo. Sijui ni wimbo gani. Wakamwambia apishe benchi la mashemasi. Alikwenda akakaa la mwisho mlangoni, na Icie alikuwa mgonjwa nyumbani, kwa hiyo alikaa peke yake.

Watu wanne walinialika chakula. Benchi langu lilijaa. Miezi miwili nimelitamani benchi lililojaa.

Jumanne, 23 Novemba

Sikufanya kitu.

Jumatano, 24 Novemba

Nimekwenda kwake. Alikuwa anatengeneza hatamu ya nyumbu uani, hakuinuka. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakaisha.

"Ile kura ni yangu," nikasema.

Aliendelea kushona. "Kura gani?"

"Yako. Niliiandika mimi. Nilifikiri utajiandika, nikataka ziwe mbili, wasikucheke."

Sindano ikasimama. Nilingoja matusi, na ningeyapokea yote. Alivua miwani akaifuta kwa shati muda mrefu mno.

"Wewe uliniandika," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa penseli au kwa kalamu?"

"Lucious!"

"Nauliza tu."

"Penseli."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa barua. Kisha akaniambia kwamba toka siku ya kwanza alijua atanipa mimi, alitaka tu akae na jina lile siku chache bila mtu kumharakisha, na walipomharakisha akawa mkaidi, na ukaidi ukampeleka mpaka hapo. Alikuwa analia bila aibu. "Tumepoteza kiti kwa adabu, shemeji," akasema. "Adabu yangu na yako."

Nikamwambia Jumapili nitasema kanisani.

"Hutasema." Sauti ikawa ya shemasi. "Sikiliza. Mwakani kura zinarudi. Wakijua ni wewe, nani atakuteua? Mimi mzee, nimeshachafuka, niache na uchafu wangu. Wewe ekari zako watazikata, na mwakani ukikosa tena huna shamba. Kaa kimya, ugombee."

"Na wewe?"

"Mimi nina kura yangu."

Alhamisi, 25 Novemba

Sikukuu ya shukrani. Nimealikwa kwa watu wanne na sikwenda kwa hata mmoja. Alichosema Lucious ni kweli. Nimekigeuza kila upande, ni kweli. Nikinyamaza nina watu sabini nyuma yangu na labda shamba. Nikisema nitabaki kama nilivyokuwa Oktoba, na hata Viney Mae, aliyesimama karibu nami mbele ya Hartsell, sijui kama atanisamehe. Naogopa. Siogopi wazungu. Naogopa lile benchi.

Jumapili, 28 Novemba

Nilisimama kabla ya wimbo wa kwanza, kwa sababu nilijijua, nikiimba nitakaa.

Nikasema, "Kura ya Lucious Tarver niliiandika mimi. Yeye aliniandika mimi. Mlimtoa mtu aliyesema kweli." Nikawaambia na habari za 1874, zote, mto na watoto, maana nani mwingine angewaambia. Nilikuwa nasema vibaya, narudia maneno. Hakuna aliyesema amina. Nilimtazama Viney Mae, naye alikuwa akitazama mikono yake.

Nilichukua pochi yangu nikatembea mpaka nyuma. Ni njia fupi, hatua kama ishirini, na sikuwahi kutembea mbali hivyo. Lucious alikuwa amekaza macho mbele, shingo imevimba kwa hasira.

"Nilikwambia usiseme," akanong'ona. "Umejimaliza. Mjinga kama mdogo wangu."

"Sogea," nikamwambia.

Akaiondoa kofia yake kwenye benchi.